Supu ya Wenyewe

Wanjiru alinipigia simu Jumanne moja asubuhi, nikiwa jikoni kwangu Germantown, Maryland, nasugua sufuria, akaniambia Ilze amefariki. "Ame-pass jana," alisema. "Utaenda kumzika ama utajifanya uko busy?" Nilimjibu kwamba nitaangalia zamu zangu, naye akaguna, maana Wanjiru ananijua. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa Ilze mwaka 2008, nilipokuwa sijatimiza miaka thelathini na tukiishi chumba kimoja Beltsville, yeye mtu wa Nakuru na mimi mtu wa Tanga, tukigombana kila siku dirisha lifunguliwe au lifungwe. Anajua kwamba nilifanya kazi nyumba ile mwaka mmoja tu, na kwamba baada ya hapo sikumtunza tena mzee wa mtu. Nilikwenda kusomea kazi ya maabara, na mpaka leo nashinda na vichupa na sampuli za udongo wa mashambani, vitu ambavyo havisemi. Asichokijua ni sababu. Nilipokata simu niliendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata.

Nyumba yao ilikuwa Takoma Park, ya mbao, kuukuu, dakika kumi kwa miguu kutoka kituo cha treni. Ukifungua mlango ulikutana na harufu ya kabichi iliyochacha na sakafu iliyopakwa nta, na nyuma ya hizo, hata ufungue madirisha yote, harufu ya mkojo. Mzee Valdis alikuwa na miaka sabini na sita. Mikono ilimtetemeka, mate yalimtoka, alivaa nepi, na akili zilikuja na kuondoka. Siku moja hanitambui, kesho yake ananisahihisha Kiingereza changu. Nilimwita Mzee, na aliponiuliza maana yake nikamwambia ni neno la heshima. Tangu hapo akitaka maji alisema, "Mzee ana kiu." Ilze, binti yake wa pekee, alinibandika jina la Mona kwa sababu Mwanaidi lilimshinda, au hakutaka kuhangaika nalo. Hakuwa mtu mkali. Aliniulizia mama yangu, alinipa likizo ya Idi bila kuombwa, na alikuwa ameahidi kuniandikia barua ya kunipigia debe chuoni. Lakini mwaka mzima sikumwona akimlisha baba yake hata kijiko kimoja. Akiona mate yanashuka kidevuni aligeuka akatazama ukuta, na nami nilimdharau kwa hilo, ingawa mara nyingi mimi pia nilitamani kugeuka.

Kwenye ukuta huo kulikuwa na picha kubwa ya jengo la ghorofa nne, lenye nyuso za wanawake zilizochongwa juu ya madirisha. Ilikuwa nyumba yao ya Riga, mji mkongwe wa Walatvia kwenye bahari ya Baltiki, walioukimbia wakati wa vita Mzee akiwa kijana wa miaka kumi na miwili. Jumapili walikuja wageni, Walatvia wenzao wa Maryland, wakanywa kahawa na keki za mbegu za mpopi, na Ilze akaisimulia nyumba ile: jiko la vigae vyeupe, piano, mama yake Mzee akifunga mlango kwa ufunguo mara ya mwisho. Alisimulia vizuri, nakiri. Wageni walifuta macho. Mimi nilikuwa nimekaa chumba cha pili na bakuli mkononi, na niligundua kwamba kila simulizi ilipofika kwenye jiko lile, Mzee alifumba mdomo, na uji ulimwagikia kifuani. Nilidhani ni ugonjwa.

Mwezi wa tano Ilze alitangaza kwamba atampeleka baba yake akaione nyumba kabla hajafa. Wangepanda ndege mpaka Ujerumani, wakodi gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, kisha warudi Riga kwa njia ileile waliyokimbilia, na yeye atapiga filamu ya safari nzima kwa ajili ya wajukuu na jumuiya. Hotelini, alisema, Mzee angelowesha vitanda vya watu. Mimi ningekwenda nao. Wanjiru aliona nimeokota dodo. "Si uende u-see Ulaya bure," aliniambia. "Mimi ningepewa hiyo chance, ungeniskia tu nikiwa airport." Nilikwenda, Agosti, na nilichokiona cha Ulaya kwa siku tatu za njiani ni wipa za gari.

Mvua ilianza tulipovuka mpaka wa Poland na haikukatika. Nimelelewa Tanga, mvua naijua, lakini ya kwetu hunyesha ikaacha, jua likakausha. Ile ilikuwa nyembamba, baridi, haina haraka, na iliingia katika kila kitu: magodoro, mkate, nguo za ndani. Gari lilikuwa na upana wa meza mbili. Ilze alilala juu, kwenye kitanda cha juu ya usukani, Mzee nyuma, na mimi juu ya meza ya kulia iliyokunjwa ikawa kitanda, kichwa changu kikiwa kwenye mlango wa choo. Choo chenyewe kilikuwa na sanduku la plastiki chini yake, na kila asubuhi ilikuwa kazi yangu kulichomoa, kulibeba kwenye mvua huku likidondosha dawa yake ya buluu, na kulimwaga kwenye shimo la kambi tulikolala, nikiwa nimepanga foleni na wanaume Wajerumani waliobeba ya kwao na kusalimiana kwa furaha. Kikaango kilikuwa kimoja. Ilze alikaangia nguruwe, na mafuta yake yaliganda kwenye kingo. Nilimwambia mara ya kwanza, akaniomba radhi, akakipangusa kwa karatasi na kuniwekea yai. Sikula yai lile. Kwa wiki mbili niliishi kwa mkate mweusi, tufaha na chai, nikiwaangalia wao wakifungua makopo ya samaki wadogo wa moshi na kuchovya mkate katika mafuta yake. Harufu ya samaki, ya nepi, ya sufi iliyolowa, vyote madirisha yakiwa yamefungwa. Nilijifunza kupumua kwa mdomo, kisha nikahisi kwamba naila hiyo harufu, nikarudi puani.

Riga tulipiga kambi ng'ambo ya mto. Upande wa pili ilionekana minara ya makanisa, myembamba, ya kijani, ikitokeza na kupotea kwenye ukungu, na nina hakika ni mji mzuri kwa mtu aliyekuja kuutazama. Mimi niliutazama kupitia mgongo wa kiti cha magurudumu. Barabara za mji wa kale ni za mawe ya mviringo, na kila jiwe lilimtikisa Mzee meno. Ilze alitembea kinyumenyume mbele yetu, mwavuli kwapani na kamera usoni, akimwuliza anakumbuka nini, anajisikiaje, na akijibu sivyo anaomba arudie. Mbele ya kanisa moja alimtaka aseme, "Nimerudi nyumbani." Alisema. Ilze akasema kuna gari lilipita, lilileta kelele, aseme tena. Mara ya nne Mzee alinitazama mimi, maji ya mvua yakimtiririka kwenye miwani, akaniambia taratibu kwamba Mzee anataka kukojoa. Nilimpeleka kwenye uchochoro, nikamsimamisha ukutani na kumshika, na niliporudi Ilze alikuwa anafuta kioo cha kamera, akasema kwamba mwanga bado upo, tunaweza kujaribu tena.

Siku ya pili tulikwenda kwenye jengo la pichani. Nyuso za wanawake zilikuwepo, nyeusi kwa moshi, moja haina pua. Ilze alikuwa ameandika barua mapema, na mama mnene mwenye aproni, mpangaji wa sasa, alitufungulia na kutukaribisha kwa ishara. Mimi na Ilze tulimpandisha Mzee ngazi tukimshikilia huku na huku. Ghorofa ya pili, mlango wa kushoto. Jiko la vigae vyeupe lilikuwepo kweli, limekaa kwenye kona ya jikoni, na Ilze alipoliona alilia kwa sauti. Alimwomba baba yake aseme neno kwa Kiingereza, wajukuu waelewe. Mzee aligusa vigae kwa kiganja. Kisha akageuka akaitazama meza ya mama yule, ambayo ilikuwa ya plastiki, ya juzi juzi tu, na akasema waziwazi kuliko nilivyowahi kumsikia:

"Tulipoingia, supu ilikuwa bado ya moto."

"Supu ya Bibi?" Ilze alimwuliza, kamera ikiwa bado jichoni.

"Hapana. Ya wenyewe."

Nilimwona Ilze akiishusha kamera na kubonyeza kitufe, taa nyekundu ikazimika. Alisema baba amechoka, baba anachanganya. Mzee akaendelea kusema kwamba mama yake aliwaambia waile supu, isije ikaharibika, na hapo akatapika kwenye sakafu safi ya mtu, samaki na mkate na mafuta. Nilipiga magoti na taulo. Mama mwenye aproni alileta ndoo, akapiga magoti upande wa pili, na tukapangusa pamoja bila kuwa na lugha hata moja ya kuongea, huku Ilze akiwa dirishani ametupa mgongo.

Alasiri ile Ilze alitoka kwenda kununua mkate, akatuacha garini. Mvua ilikuwa inapiga bati la juu. Nilimbadilisha Mzee nguo, nikamfuta, na yeye akaanza kusema akiwa amelala, macho kwenye dari. Kwenye nyumba ile waliishi Wayahudi, baba, mama na binti wa umri wake. Familia ya Mzee ilikuwa uani, chumba kimoja. Miaka mitatu kabla Mzee hajaukimbia mji, siku Wayahudi walipoamriwa na Wajerumani kuhamia mtaa uliozungushiwa uzio, walipewa dakika chache tu, na baba yake Mzee, aliyekuwa karani wa mji, alikuwa na ufunguo mfukoni kabla wale hawajafika mwisho wa barabara. Binti yule alikuwa amemfundisha Mzee kuteleza kwenye barafu. Mzee alikalia kiti cha binti huyo. Kijiko kilikuwa tayari kimeshachovywa.

"Nilikula sahani mbili," aliniambia. "Ilikuwa tamu. Hilo sijamwambia mtu."

Nilikuwa nimeshika nepi chafu mkononi na sikujua pa kuiweka. Nimeona mengi ya kutia kinyaa katika kazi ile, na yote yalisafishika kwa maji na sabuni, lakini hili halikusafishika, na mbaya zaidi ni kwamba niliyemwonea kinyaa alikuwa mtoto wa miaka tisa mwenye njaa. Mzee akanishika kifundo cha mkono. Alisema akimwambia Ilze mwenyewe atajibiwa ni ugonjwa, kama nilivyosikia. Nimwambie mimi, tena Mzee mwenyewe akiwa amekaa papo hapo, ili Ilze asiweze kusema nimeota. Nikamwahidi. Ilze aliporudi na mkate alikuta namchana nywele, naye akasema, bila kunitazama, kwamba mimi nina ujuzi wa wagonjwa, nafahamu jinsi wanavyochanganya mambo. Mzee alikuwa ananiangalia. Nikasema ndiyo, wakati mwingine wanachanganya. Nilijiambia kwamba ndani ya gari hakuna nafasi ya ugomvi, nitasema tukifika nyumbani.

Nyumbani nilisema tupumzike kwanza. Kisha ukaja mwezi wa Ramadhani, nikasema nitasema baada ya Idi. Mwezi wa kumi na moja Ilze aliwaonyesha jumuiya filamu yake, kwenye ukumbi wao, watu kama sitini, meza zimejaa pai za nguruwe. Nilikaa safu ya nne na Mzee kwenye kiti chake. Ilikuwa filamu nzuri. Mvua ilionekana kama huzuni, makanisa, Mzee akisema amerudi nyumbani, ile ya mara ya tano. Kisha jiko, mkono wake juu ya vigae, na kabla hajafumbua mdomo picha ikageuka kuwa mto. Watu walilia. Bibi mmoja aliuliza Mzee alijisikiaje alipoligusa, na Ilze akanyoosha mkono kuelekea kwangu. "Mona alikuwepo," alisema. "Waambie, Mona." Vichwa vyote viligeuka. Mzee naye aligeuza chake, polepole kama alivyofanya kila kitu, na nikaona kwamba siku hiyo akili zake zilikuwepo zote na kwamba alikuwa anangoja.

"Aliguswa sana," nilisema. "Sana."

Wakapiga makofi.

Kuanzia kesho yake Mzee hakula mkononi kwangu. Nilileta kijiko, alifumba mdomo. Nilijaribu uji, ndizi za kuponda, maziwa ya vanila aliyoyapenda. Hakukasirika, hakunitukana, alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu aliyeletewa sahani yenye nywele. Siku ya nne nilimwomba Wanjiru anishikie zamu, na jioni akanipigia simu akicheka. "Umemfanyia nini huyu mzee? Kwangu anakula fiti, mpaka ameomba second." Nililala macho wazi. Asubuhi niliingia jikoni kwa Ilze akiwa anamenya viazi, nikamwambia yote, moja kwa moja, supu, ufunguo, kijiko, binti wa barafu. Nilitegemea atanifukuza. Alimaliza kumenya kiazi alichokuwa nacho, akakitia kwenye maji.

"Najua," alisema. "Bibi aliniambia nikiwa na miaka kumi na mmoja, akaniapisha. Unataka nifanye nini nalo, Mona?"

Miezi yote ile nilijiona msafi kuliko yeye kwa sababu mimi nafahamu na yeye hafahamu, kumbe alikuwa amefahamu kabla sijazaliwa, na bado akaiweka ile picha ukutani na kuwapakulia watu keki chini yake. Nilimchukia pale kuliko wakati wowote. Nikatoka, nikaingia chumbani kwa Mzee, na kwa hasira, nakiri ilikuwa hasira, nikamwambia kwamba binti yake anajua.

"Tangu lini?"

"Tangu ana miaka kumi na mmoja."

Mate yalimshuka, na sikumfuta. Kisha akasema, "Basi alikuwa peke yake," akaniomba nimwitie. Ilze aliingia akifuta mikono kwenye aproni, akafunga mlango. Niliwasikia wakizungumza kwa lugha yao, sauti za chini, na neno moja tu nililitambua, jina langu, lile la Mona. Mchana nilipopeleka chakula nilimkuta Ilze amekaa kitandani. Alinipokonya bakuli, akamlisha. Alifanya vibaya, alijaza kijiko mno, kila tonge lilirudi kidevuni, naye alilikusanya kwa kidole na kumrudishia. Nilisimama mlangoni nikiangalia kitu ambacho mwaka mzima nilimdharau kwa kutokifanya, na sikupata raha yoyote.

Mzee alikufa mwezi wa pili, kwenye theluji. Ibada ilifanyika ukumbi uleule. Baada ya nyimbo Ilze alisimama na karatasi, akaikunja, akaisimulia supu, kwanza kwa lugha yao, kisha kwa Kiingereza, bila kulia na bila kuipamba. Hata kwamba ilikuwa tamu alisema. Bomba la joto lilisikika likigonga. Akainuka mzee mmoja mwenye koti lililopigwa pasi vizuri, akasema Valdis alikuwa mgonjwa wa akili mwisho wa maisha yake, kila mtu anajua, na ni aibu binti kumpaka baba yake matope jeneza likiwa mbele. Wengine waliitikia kwa vichwa. Ilze hakunitazama, wala hakunyoosha mkono.

Nikasimama. Nikasema jina langu, Mwanaidi, na kwamba nilikuwepo, niliyasikia kwa masikio yangu, na akili zake siku hiyo zilikuwa timamu; na kwamba ndani ya ukumbi huu niliwahi kuulizwa nikadanganya. Watu saba au wanane walichukua makoti yao wakatoka. Nilikaa. Nilikuwa nimengoja moyo unipasuke na haukupasuka. Mzee alikuwa amekufa, kazi ilikuwa imekwisha, barua ya Ilze ya chuo nilikuwa nayo kwenye droo Beltsville tangu Januari. Maneno niliyoyabeba tangu Agosti, ambayo mtu alikataa chakula akiyangoja, yalikuwa yamechukua muda wa kufunga kamba za viatu. Bibi aliyekuwa kiti cha kando yangu, yule aliyeuliza Mzee alijisikiaje, aliinama akauweka mkono wake juu ya wangu, akaninong'oneza kwamba mimi ni msichana jasiri. Mkono wenyewe ulikuwa na unyevunyevu na harufu ya pai. Sikuutoa. Niliuacha pale mpaka wimbo wa mwisho.